Kilimanjaro wakati wa vuli: majibu ya maswali yenu

Karibu maswali yote ya mara hii yametoka kwa wanaotaka kupanda Kilimanjaro Novemba au mwanzoni mwa Desemba, wengine wakilenga kuwa kileleni siku ya Uhuru, tarehe 9.

Je, mlima hufungwa mvua zikianza?

Haufungwi. Hata masika haufungwi.

Njia ipi haina matope?

Hakuna. Yenye matope kidogo ni Rongai, kwa kuwa inapandia kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, na mvua nyingi za mlima huu huangukia miteremko ya kusini, hasa kwenye ukanda wa msitu kati ya mita 1,800 na 2,800 hivi. Machame, Umbwe na Marangu zote zinapita humo. Lakini anayepandia Rongai kwa kawaida hushukia Marangu, kwa hiyo matope atayakuta mwishoni, miguu ikiwa imeshachoka. Juu ya msitu matope hupungua, yakaja mawe yanayoteleza. Kuanzia mita 4,000 hivi mvua huweza kugeuka theluji. Kama hutaki hema lililolowa, Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala: Mandara, Horombo na Kibo. Njia yoyote utakayochagua, toka kambini asubuhi na mapema, maana mvua ya vuli mara nyingi hushika mchana.

Nina gambuti na jinzi nzito. Zinatosha?

Gambuti haishiki kifundo cha mguu, na jasho hubaki ndani. Tafuta buti la kupandia lisilopitisha maji, lenye meno marefu, ulivae wiki kadhaa kabla ya safari. Jinzi iache Moshi. Pamba ikilowa haikauki kule juu na inakunyonya joto, wakati kila unapopanda mita 1,000 hewa inapoa kwa takriban nyuzi 6.

Si lazima ununue vipya. Mitumba ya soko la Memorial pale Moshi ina sweta za sufu na makoti ya mvua. Koti ligeuze nje ndani, ukague utepe uliobandikwa juu ya mishono. Ukikuta umebanduka mabegani, lirudishe, maji yatapita hapo hapo. Suruali ya mvua nayo ni ya lazima. Usitegemee kifuniko cha nje cha begi, kwa sababu maji huingilia upande wa mgongoni. Nguo zifungie ndani ya mfuko mzito usiopitisha maji. Mifuko ya rambo usije nayo, imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019.

Nakimbia kilomita 10 kila siku. Siku tano zinanitosha?

Swali hili halichoki kuja, na jibu ni lile lile: hazitoshi. Mbio haziuzoeshi mwili hewa nyepesi, na wakimbiaji ndio wanaopanda haraka kupita kiasi. Marangu nenda siku 6, na usiku wa ziada Horombo, Machame 7, Lemosho 8. Vuli inaongeza sababu nyingine: ukilowa siku ya pili kwenye ratiba ya siku tano, huna nafasi ya kukauka wala kupumzika kabla ya usiku wa kilele. Mwenzenu akianza kuyumba kama mlevi, au akikosa pumzi akiwa amekaa, ashushwe saa hiyo hiyo. Msikae kungoja helikopta, mawingu yanaweza kuizuia kutua.

Mtandao upo?

Horombo upo tangu 2022. Simu lala nayo, baridi inamaliza betri.

Usiku wa kilele nitakuta theluji?

Huenda sana. Theluji iliyoganda juu ya changarawe ni afadhali wakati wa kupanda kuliko changarawe kavu inayokurudisha nyuma, ila asubuhi jua likishailainisha inateleza. Beba fimbo mbili, na miwani ya jua inayozuia miale kweli, kwani mng'ao wa theluji huunguza macho na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Chupa ya maji iweke kichwa chini. Barafu huanzia juu, kwa hiyo mdomo utabaki wazi. Bomba la kunyonyea maji kutoka begini litaganda, usilitegemee.

Kuna kampuni imenipa bei ya chini kuliko zote. Niulize nini?

Uliza wapagazi watavaa nini. Kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele kwa wanaopandia Machame au Lemosho, haina maji. Kila lita unayokunywa pale imebebwa na mtu kutoka bonde la Karanga, na mvua ikinyesha mtu huyo mara nyingi ana raba zilizotoboka. Ada za hifadhi hazipunguzwi kwa ajili yako, kwa hiyo bei ikishuka kinachokatwa ni ujira na chakula cha wapagazi. Uliza wako wangapi, wanalipwa kiasi gani kwa siku, wanakula mara ngapi, kama mzigo hauzidi kilo 20, na kama hema lao lina sakafu. Ukizungushwa, ondoka. Anayewaacha wapagazi walowe hastahili hela yako, na kwa faida yako mwenyewe ujue kwamba mpagazi akiugua mzigo wake hugawanywa, hema lako likafika usiku.

Tunaweza kukausha soksi kwa jiko ndani ya hema?

Msithubutu. Jiko, la mkaa au la gesi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa usingizini. Soksi zikamueni, mzilaze tumboni chini ya fulana ndani ya begi la kulalia. Mpaka asubuhi zitakuwa zinavalika. Jozi moja iwe ya kulalia tu.

Nikishukia njia ya Mweka kwenye mvua nifanyeje?

Kutoka Barafu hadi lango la Mweka unateremka takriban mita 3,000. Ngazi za magogo msituni huteleza kama sabuni: kanyaga udongo ulio nyuma ya gogo, usikanyage gogo lenyewe. Fimbo zirefushe sentimita 5 hadi 10, kaza kamba za buti kifundoni ili vidole visigonge mbele, na kucha za miguu uwe umeshazikata kabla hujatoka Moshi.