Mtoto Akianza Mpira wa Magongo, Tazama Mkono wa Kushoto

Mzazi anayesubiri goli ndipo ashangilie atapitwa na mengi. Mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kucheza miezi kadhaa bila kufunga hata moja, na katika miezi hiyohiyo akawa anajifunza mambo ya kufurahisha mno kwa anayejua pa kuangalia. Katika mpira wa magongo, yaani hoki ya uwanjani, pa kuangalia kwanza ni mkono wa kushoto.

Mkono huo ndio unaokaa juu kabisa ya gongo, awe mtoto anaandika kwa kulia au kwa kushoto. Magongo yote yana bapa upande mmoja tu, na yote hushikwa hivyo. Kwa hiyo usimhurumie mtoto anayetumia mkono wa kushoto. Huenda akaanza vizuri kuliko wenzake, kwa kuwa mkono wake wenye nguvu ndio uliopewa kazi kubwa. Wa kushoto ndio unaozungusha gongo. Wa kulia hukaa chini yake, umelegea, gongo lizunguke ndani ya kiganja.

Karibu kila mtoto huanza kinyume: wa kulia unabana kama kwamba gongo litatoroka, wa kushoto unafuata tu. Tokeo lake ni kwamba akitaka kuurudisha mpira kutoka kushoto kwenda kulia, gongo linageuka nusu, mpira unagonga upande wa mviringo, na hiyo ni faulo. Mazoezi ya kurekebisha ni mepesi. Weka mpira pembeni. Ashike gongo kwa mkono wa kushoto peke yake, kichwa cha gongo kiwe karibu na ardhi, kisha alizungushe mpaka ncha iliyopinda ielekee chini, alirudishe. Mara kumi, apumzike, mara kumi tena. Mkono ukizoea, ongeza wa kulia, ulishike gongo kwa vidole tu. Mwisho uingie mpira: ausogeze kushoto na kulia, upana wa sentimita ishirini au thelathini, akiwa amesimama, halafu akitembea. Siku utakayoona mpira unakwenda huku na huku bila gongo kukwama, shangilia kwa sauti. Ujuzi mwingi wa mchezo huu unajengwa juu ya hapo.

Ukiona mkono wa kushoto unateremka kutoka juu ya mshikio, kosa si la mtoto. Gongo ni refu. Wazazi wengi hununua kubwa ili lidumu, na hapo ndipo mafunzo huharibika: mtoto akiinama, mwisho wa gongo unamchoma tumboni, naye anasimama wima ili akwepe, mpira unamkaribia miguuni, hauoni tena. Msimamishe akiwa amevaa viatu vya kuchezea, gongo liwe wima kando yake. Liishie kwenye mfupa wa nyonga au chini yake kidogo. Magongo hupimwa kwa inchi. Wengi wa umri huu huangukia kati ya 26 na 28, wakati la mtu mzima huwa karibu na 36.5. Pima upya kila baada ya miezi michache, na chagua jepesi.

Mpira rasmi una uzito wa gramu 156 hadi 163 na ni mgumu. Kwa anayeanza, tumia mwepesi wa plastiki au wa tenisi, kwa sababu mtoto anayeogopa kuumia hufumba macho na kuinua mguu kila mpira unapokuja, na tabia hiyo ni ngumu kuiondoa. Hata hivyo vikinga ugoko na kikinga meno ni vya lazima tangu siku ya kwanza. Kikinga meno cha kulainishwa kwa maji ya moto kinapaswa kubaki mahali pake mdomo ukiwa wazi, kikianguka, hakimtoshi. Meno ya watoto hubadilika, hivyo kikague mara kwa mara.

Akikimbia na mpira, mpira huo uwe mbele yake, upande wa mguu wa kulia, magoti yamekunjwa. Simama mbele yake na kuinua vidole huku anakuja: ni vingapi? Mwanzoni ataupoteza mpira kila anapotazama juu. Akija kujibu "vitatu" bila kuupoteza, hapo ameanza kuuona uwanja.

Kabla ya kupiga kwa nguvu, afundishwe kusukuma. Gongo liguse mpira tangu mwanzo, bega la kushoto lielekee anakopeleka, uzito uhame kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Ukisikia mlio wa "ko!", amepiga, hajasukuma. Weka koni mbili zenye nafasi ya mita moja, asukume kutoka mita tatu, halafu tano. Tafadhali usimpigie kelele "piga!" kutoka pembeni. Neno hilo huwafanya watoto wainue gongo juu, na aliye jirani ndiye anayeumia. Dakika kumi hadi kumi na tano nyumbani zinatosha. Acha angali anataka.

Kwenye mechi utawaona wote wamerundikana kwenye mpira. Ni umri, usikasirike. Ila jua kanuni mbili ili usishangilie wala usilalamike bure: goli huhesabiwa tu mpira ukiguswa na mshambuliaji ndani ya nusu duara la mbele ya goli, ambalo kwenye uwanja kamili linafika mita 14.63 kutoka golini, na hakuna kuotea. Mtoto anayejitenga na kundi akasubiri pasi mbele hakosei. Mwambie umeliona hilo, kwa maneno hayohayo: "Nimeona ulivyokaa mbali na wenzako ukasubiri mpira." Sifa ya namna hiyo anaielewa na atarudia alichofanya. "Umecheza vizuri" peke yake haimwonyeshi kitu cha kurudia.

Akitaka kuwa kipa, mkubalie, lakini asisimame golini bila helmeti, kinga ya kifua, vikinga vya miguu na vya nyayo vinavyomtosha, hata kama ni mazoezi ya dakika tano.