Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F? Angalia kamera yako kwanza

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili. Tayari una kadi ya grafiki ya GTX 1660 Super na kijiti kimoja cha RAM ya DDR4 cha GB 16. Binamu yako yuko tayari kukuachia mazabodi (motherboard) yake ya B450 kwa bei ya kindugu. Mchana unahariri video za harusi na send-off, usiku unacheza FC na GTA V. Sasa unataka kujua uweke prosesa ya AMD, Ryzen 5 5600, kwenye hiyo B450 au uanze upya na ya Intel, Core i5-12400F. Wametangulia waliokujibu kwamba Ryzen ni ya gemu na Intel ni ya kazi, wakaishia hapo. Mimi ninazo mashine zote mbili ndani ya nyumba moja, mwaka wa tatu huu. Ya Ryzen 5 5600 niliianza mimi, nikahariria kazi karibu mwaka mzima, kisha nikamwachia mdogo wangu. Ya Intel iko mezani kwangu na ndiyo inayonilisha. Kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu.

Jibu langu nalitanguliza: hiyo i5-12400F iondoe kabisa kwenye hesabu zako. Chagua kati ya Ryzen 5 5600 na i5-12400 isiyo na F. Na kitakachoamua kati ya hizo mbili ni kamera unayopigia, gemu hazitaamua chochote.

Upande wa gemu nitapita haraka, kwa sababu hapo hakuna ugomvi. Zote mbili zilitoka 2022, ya Intel Januari, Ryzen 5 5600 Aprili. Zote zina viini (cores) 6 na nyuzi (threads) 12, zote zinapanda hadi GHz 4.4. Ryzen ina kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) kubwa zaidi, MB 32 kwa 18, na gemu zinapenda kashe. Lakini kwa 1660 Super kwenye skrini ya 1080p, kadi yako ndiyo itakayochoka kwanza. Jumapili moja niliichomoa kadi yangu, ambayo ni 1660 Super kama yako, nikaipachika kwenye mashine ya mdogo wangu, tukacheza FC na GTA V kwa mpangilio uleule, kisha tukairudisha kwangu tukacheza tena. Hakuna aliyeweza kusema hii ni ipi. Tofauti utaiona ukiwa na kadi yenye nguvu sana na monita ya Hz 144 kwenda juu, tena kwenye gemu za mashindano unazoshusha ubora wa picha ili fremu zipande. Kwa kadi uliyonayo, usiongeze hata shilingi kwa ajili ya gemu.

Kitakachokuumiza kwenye gemu ni hicho kijiti kimoja cha RAM. Mdogo wangu alilalamika wiki nzima kwamba Counter-Strike 2 inakwamakwama, fremu ziko nyingi lakini kila akigeuka ghafla picha inashtuka. Akaanza kutaka kadi mpya. Nilipofungua kasha nikakuta kijiti kimoja tu, kingine alikuwa amemwazima rafiki yake wa chuo. Nikafungua Task Manager, upande wa kumbukumbu, nikaona kasi imeandikwa 2400 wakati kijiti chenyewe ni cha 3200. Kumbe alikuwa ameweka upya BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi, na RAM za 3200 hushuka kwenye kasi ya chini mpaka uwashe mwenyewe XMP, mpangilio wa BIOS unaoipa RAM kasi yake kamili. Tukakifuata kijiti cha pili, tukavipachika nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, XMP ikawashwa, na yale malalamiko yakaisha siku hiyohiyo. Ryzen hasa inaihisi sana kasi ya RAM, maana njia inayounganisha sehemu zake za ndani inakwenda sambamba na RAM. Kwa hiyo prosesa yoyote utakayochukua, tenga hela ya kijiti cha pili kinachofanana na hicho.

Sasa tuje kwenye kazi, maana hapa ndipo nilipopata hasara ya usingizi wangu.

Nilipohamia kamera ya Sony inayorekodi 4K ya biti 10 kwa 4:2:2, yaani yenye taarifa nyingi za rangi kuliko 4:2:0 ya kawaida, nilifurahia rangi. Gauni jeupe chini ya taa za zambarau za ukumbini linaokoleka, ngozi ya maharusi haiwi ya majivu. Nikarudi nyumbani, nikamimina faili kwenye Premiere, programu ya kuhariri, juu ya Ryzen, nikabonyeza kitufe cha kucheza. Bibi harusi anaingia ukumbini, mguu mmoja hewani, picha imeganda. MC anaendelea kuongea, kigelegele kinasikika, bibi harusi hajashusha mguu. Nikifungua Task Manager naona prosesa iko asilimia 100 na kadi ya grafiki imetulia kama haihusiki.

Na kweli ilikuwa haihusiki. Ndani ya kadi ya grafiki kuna sehemu maalumu ya kufungua video zilizobanwa. Kwenye 1660 Super sehemu hiyo inafungua vizuri HEVC (njia ya kubana video, H.265) ya 4:2:0, ambayo ndiyo inayotumiwa na simu na kamera nyingi, lakini 4:2:2 haiijui. Kadi za NVIDIA zimeanza kuifungua kwenye RTX 50, mwaka 2025. Kwa hiyo kila fremu inabaki kufunguliwa na viini vya prosesa, na viini 6 vya Ryzen, pamoja na nguvu zake, havitoshi ukishaweka kamera mbili na rangi juu yake. Nilikuwa natengeneza nakala ndogo (proxy) za video usiku kucha, nikihariri kwa hizo. Inafanya kazi, wengi wanaishi hivyo. Lakini diski inajaa, na mteja anayetaka vipande vya Instagram asubuhi baada ya harusi huwezi kumwambia asubiri nakala ziishe.

i5-12400 ina grafiki zake za ndani, UHD 730, na ndani ya hizo kuna Quick Sync, sehemu ya Intel ya kufungua na kubana video. Hiyo inaifungua HEVC ya biti 10 4:2:2 moja kwa moja. Faili zilezile za ule ukumbi nilizicheza bila nakala ndogo, nikivuta mbele na nyuma kwa mshale, na bibi harusi akatembea hadi mezani. Viini vya prosesa vikabaki huru kwa ajili ya rangi na maandishi.

Sasa ile herufi F. Kwa Intel, F maana yake grafiki za ndani zimezimwa kiwandani. Zikizimwa, Quick Sync nayo imekwenda. i5-12400 ilipotoka ilikuwa na bei elekezi ya dola 192, F ikawa dola 167. Kwa dola 25 hizo unauza kitu chenyewe ambacho kingekufanya uiache Ryzen. Kwa mtu wa gemu peke yake, asiye na mazabodi yoyote mkononi, 12400F ni prosesa nzuri na simkatazi. Kwako wewe mwenye B450 ya kindugu haina nafasi: kwenye gemu haikupi cha zaidi ya Ryzen, na kwenye kuhariri haina kile ambacho ndugu yake anacho. Ukienda Kariakoo usisome boksi. Soma maandishi juu ya bati la prosesa yenyewe, maana nyingi zinauzwa bila boksi, na F ni herufi moja tu mwishoni mwa namba.

Kuna mambo mawili yanayowapoteza watu hapa. La kwanza ni mpangilio wa kamera. Sony wana XAVC S na XAVC HS. XAVC S ni H.264, njia ya zamani zaidi ya kubana video, na H.264 ya 4:2:2 biti 10 Quick Sync ya kizazi hiki haiifungui. XAVC HS ndiyo HEVC. Niliporekodi XAVC S kwa mazoea, i5 nayo ilihangaika kama Ryzen, nikadhani nimetupa hela. Badilisha kwenye menyu ya kamera kabla hujatoka nyumbani.

La pili ni BIOS. Ukiwa na kadi ya grafiki, mazabodi nyingi huzima zile grafiki za ndani zenyewe. Ingia BIOS, tafuta mstari wenye jina kama "iGPU Multi-Monitor", uwashe. Ukirudi kwenye Windows, Task Manager itaonyesha GPU 0 na GPU 1. Kisha kwenye Premiere, sehemu ya Media ndani ya Preferences, hakikisha Intel imewekewa tiki kwenye kufungua video kwa maunzi, uiwashe programu upya.

Lakini kama unapigia simu, au kamera ya biti 8 ya 4:2:0, haya yote hayakuhusu. 1660 Super yako itafungua hizo faili yenyewe, na itatoa video ya mwisho haraka kwa NVENC, kibanaji video cha kadi yenyewe, iwe juu ya Ryzen au Intel. Hapo Ryzen kwenye B450 ndiyo akili, na hela inayobaki ndiyo ya kijiti cha pili na diski.

Faida nyingine ya grafiki za ndani niliijua usiku mmoja wa Ijumaa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, mashine ikawaka lakini skrini nyeusi. Kadi ilikuwa imekufa, na video ya kitchen party ilikuwa inatakiwa kesho yake saa nne asubuhi. Nilichomoa kadi, nikaichomeka waya ya HDMI nyuma kwenye mazabodi, nikaendelea. Athari za picha zilikuwa nzito, lakini kazi ilikabidhiwa. Ryzen 5 5600 haina grafiki za ndani kabisa. Kadi ikifa, umesimama mpaka uazime nyingine. Tangu hapo mashine zote mbili ziko nyuma ya UPS. Na kama UPS yako ni ndogo, hapo Ryzen ina sifa: mpaka wake wa kawaida wa umeme ni wati 76, i5 inaruhusiwa kufika 117 kwa vipindi vifupi.

Ukiamua Ryzen, usikimbilie kuichukua B450 ikiwa tupu. Mwambie binamu yako aiboreshe BIOS yake sasa hivi, Ryzen yake ya zamani ikiwa bado imo ndani. B450 zilitoka 2018, na BIOS ya zamani haiitambui 5600, utawasha upate feni zinazunguka na skrini nyeusi. Baadhi ya mazabodi zina kitufe cha kuboresha BIOS kwa flashi bila prosesa, lakini si zote. Usiogope kwamba B450 inaishia PCIe 3.0, njia ya kuunganisha kadi ya grafiki, kadi yako yenyewe ni ya 3.0. Na mtu asikupe 5600G akakwambia ni ileile: ile ina grafiki za ndani, sawa, lakini kashe yake ni MB 16, nusu.

Halafu pini. Kwa AM4, yaani soketi ya B450 na hizi Ryzen, pini ziko chini ya prosesa. Nilipokuwa namtolea mdogo wangu vumbi nilivuta feni juu moja kwa moja, grisi ya kati ya feni na prosesa ilikuwa imekauka, na prosesa ikatoka nayo ikiwa imeganda chini ya bati la feni, soketi ikiwa bado imefungwa. Niliigeuza nikaona pini tatu za pembeni zimelala. Nilikaa dirishani kwenye mwanga, nikazinyanyua moja moja kwa wembe, huku nimeshika pumzi, mpaka zikasimama mstari mmoja na wenzake. Ilipona. Wewe washa mashine icheze gemu dakika kumi grisi ilainike, zima, chomoa umeme, kisha izungushe feni taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinua. Ukinunua Ryzen iliyotumika, ilaze usawa wa jicho na umulike kwa tochi ya simu, safu zote lazima zinyooke. Kwa Intel pini ziko kwenye soketi ya mazabodi, kwa hiyo huko utakagua mazabodi.

Ukiamua i5-12400, tafuta mazabodi ya B660 ya DDR4 ili kijiti chako kitumike, zipo za DDR5 pia na hazipokei DDR4 hata kwa nguvu. Mazabodi ya H610 inatosha kama hela ni ngumu, ila ina nafasi mbili tu za RAM.

Kuhusu kupanda baadaye: B450 ikiboreshwa BIOS inapokea prosesa ya Ryzen 7 5700X3D ya 2024, yenye kashe ya MB 96, na kwa gemu ni kipande cha ajabu. Upande wa Intel soketi hiyo inapokea kizazi cha 13 na 14. Humo ndimo lilimotokea lile tatizo la volti lililokuwa linaharibu prosesa, ambalo Intel walilikiri 2024 na kutoa marekebisho ya BIOS, kwa hiyo ukifika huko boresha BIOS kwanza, na iliyotumika usiinunue bila kujua ilikotoka. Kizazi cha 12, ambacho ndicho cha 12400, hakimo kwenye tatizo hilo.

Niandikie jina kamili la kamera yako na mpangilio unaorekodia, pamoja na herufi zilizochapwa kwenye mazabodi ya binamu. Nikishaona hivyo nitakwambia toleo la BIOS la kutafuta kabla hajaichomoa prosesa yake.