Ekzosi inachemka na geji iko sawa: themostati iache kwanza

Ndugu uliyeuliza kuhusu boti ya Ggaba, huku Ziwa Victoria upande wa Kampala, pole sana. Umesema injini ni dizeli ya ndani, geji ya joto inasimama palepale kama siku zote, ila mpira wa ekzosi, lile bomba la raba la kutolea moshi, haugusiki, ndani kunanuka mpira unaoungua, nyuma inatoa mvuke, na fundi kakwambia ununue themostati, kile kidude kinachoruhusu maji ya injini kuzunguka ikishapata joto. Hiyo hela iweke kwanza.

Geji inapima yale maji yanayozunguka ndani ya injini pamoja na kulanti, ile dawa ya kupozea. Ekzosi haipozwi na hayo, inapozwa na maji ya ziwa, pampu inayavuta chini ya boti kupitia chujio, yanapita kwenye kipozeo yakachukua joto la maji ya injini, halafu yanamwagwa ndani ya ile kona ya chuma ambapo moshi unatokea na yanatoka pamoja nao nyuma. Maji ya ziwa yakipungua, injini bado inaweza kujipoza vizuri hasa ukienda polepole, lakini mpira tayari unaiva, maana moshi wa dizeli ikiwa na mzigo unapita nyuzi 400 na ule mpira umetengenezwa kuvumilia nyuzi 90 na kitu. Na kumbuka Victoria iko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari, huku maji yanachemka kama nyuzi 96, hatusubiri 100.

Hakikisha kweli ni mvuke. Mvuke unapotea hewani mara moja, moshi mweupe wa dizeli isiyoungua unabaki umelala juu ya maji na unachoma macho. Sikiliza pia, ekzosi yenye maji ya kutosha inatema kwa vipindi na sauti yake ni nzito, ikikosa maji sauti inakuwa kavu na kali.

Sasa fuata maji kuanzia ziwani. Injini ikiwa imezimwa, funga valvu ya chini, ile inayoingiza maji ya ziwa, chomoa mpira unaoingia kwenye pampu halafu fungua valvu taratibu, mkono usiutoe hapo. Maji yanatakiwa yaje kwa nguvu yenyewe. Yakija kama mkojo wa mtoto basi tundu la kuingizia maji au chujio limeziba, na ziwa letu unalijua, mizizi ya magugu maji, kavera (mifuko ya plastiki), matope ya pwani. Yakija vizuri angalia chujio na raba ya mfuniko wake, ikichoka pampu inavuta hewa badala ya maji na hata usione linapovuja.

Halafu funga valvu, ufungue pampu yenyewe. Ndani kuna gurudumu la mpira lenye mabawa, na bawa likikatika haliishii pale, linasafiri na maji. Hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu kazi, wanafunga gurudumu jipya, maji yanaongezeka kidogo, wanaenda zao. Hesabu mabawa. Kama limepungua hata moja, fungua mdomo wa kipozeo ulitafute, mara nyingi utalikuta limelala juu ya vile vijibomba, limeziba kadhaa. Jipya lipake sabuni ya maji kabla ya kulifunga, na usiwashe injini valvu ikiwa imefungwa, likizunguka bila maji linaungua upesi sana.

Kama huko kote ni safi, mimi nasema tatizo ni kona. Watu wanadhani kwa kuwa ziwa halina chumvi kona haiozi. Inaoza, moshi wa dizeli una salfa, ikikutana na maji inakuwa asidi. Na injini inayozurura polepole siku nzima wakati wa uvuvi inajaza masizi. Niliwahi kufungua moja Port Bell, kwa nje rangi bado nzuri kabisa, ndani masizi yameganda meusi, magumu, yamebakiza tundu la kupitisha kidole tu, na vile vitundu vya kumwagia maji vingi vimezibwa na kutu kwa hiyo maji yalikuwa yanaingia upande mmoja, upande wa pili mpira unapigwa moto mtupu. Bisibisi ilizama kwenye chuma kama udongo. Hiyo haisafishwi, inabadilishwa. Ukiamua kuchongesha kwa mafundi wa vyuma wa Katwe, Kampala, fundi asikupe bomba lililokunjwa tu, maji lazima yaingie baada ya kona kuelekea chini, la sivyo yanarudi kwenye silinda, na hapo injini ndiyo imekwisha.

Mpira uliokwisha kuungua usiuamini hata kama nje unaonekana mzima. Ndani unabanduka tabaka, kipande kinaning'inia na kuziba njia. Ukipasuka, moshi wote unaingia mnakokaa na ile sumu yake haina harufu, mimi abiria nisingewapakia kabisa. Funga pia alamu ya joto kwenye mpira wenyewe baada ya kona, ilie ikifika nyuzi 75 hivi, geji ya dashibodi itakuambia ukiwa umeshachelewa.

Jambo la mwisho, injini ikigoma kuwaka baada ya hii kazi usiendelee kupiga stata valvu ikiwa wazi. Pampu inasukuma maji kila inapozunguka na hakuna moshi wa kuyatoa, yanajaa kwenye mafla, lile tangi la kupunguza sauti, na kupanda hadi ndani ya injini. Funga valvu, na uifungue mara tu injini inapowaka.

Ukifungua pampu na kona tupia picha hapa, na useme ni injini gani, nitakuambia kama hiyo kona bado ina maisha.