Usianze na Majina ya Protini, Anza na Mvutano

Msomaji wa Mbarara kaniandikia juzi: "Kaka, kinetokori inanishinda, majina ni mengi mno. Niachane nayo?"

Usiachane nayo, mdogo wangu. Kinetokori ni kishikio cha protini kwenye kromosomu, ambapo nyuzi huishika na kuivuta seli inapogawanyika. Mwezi uliopita nimetetea tasnifu yangu juu ya jambo hilohilo na nimefaulu, tena mbele ya mtu aliyewahi kuniambia kuwa mada hii ni ya maabara za matajiri, nitafute ya saizi yangu. Neno lile linanichoma hadi leo.

Wenzangu walikariri majina. Mimi nilishikwa na jaribio la mwanabiolojia Bruce Nicklas la mwaka 1969. Alichukua seli za panzi (ndugu wa senene tunaowakaanga kila Novemba), akazishika kromosomu zilizonaswa vibaya, upande mmoja tu, akazivuta kwa sindano nyembamba ya kioo. Zilipovutwa, zilibaki pale pale. Zilipoachwa bila kuvutwa, ziliachia na kujipanga upya. Nililichora jaribio hilo daftarini hadi karatasi ikachakaa.

Basi anza na mvutano. Mikrotubuli, yaani nyuzi hizo zinazovuta, zikitoka pande mbili za seli na kuvutana kama timu za kuvuta kamba, kromosomu imeshikwa sawasawa. Zikitoka upande mmoja, hakuna mvutano, na hapo Aurora B, kimeng'enya kilicho katikati ya kromosomu dada (nakala mbili za kromosomu moja), hubandika fosfati kwenye mkia wa Ndc80, protini ya kinetokori inayoshika mikrotubuli. Mshiko unalegea, mikrotubuli inaachia, kazi inaanza upya. Mvutano ukiwepo, Ndc80 husogezwa mbali na Aurora B na mshiko hudumu. Kinetokori isiyoshikwa hukusanya protini iitwayo Mad2, nayo humzuia Cdc20, protini inayoiruhusu seli kugawanyika, na seli haigawanyiki. Kinetokori moja tupu inaweza kuisimamisha seli nzima!

Na nani kasema hayatuhusu? Daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliuandika uvimbe wa taya za watoto wetu mwaka 1958 akiwa hapa Kampala. Vinkristini, mojawapo ya dawa za uvimbe huo, hunasa tubulini (matofali ya mikrotubuli), mikrotubuli zisijengeke, kinetokori zikabaki tupu, seli ya saratani ikakwama. Kijana wa Uganda, usikubali kuchaguliwa mada na anayekudharau. Soma. Chora. Chora tena.

Ukikutana na protini mpya, iulize: inashika, inaachisha, au inazuia? Ndc80 inashika, Aurora B inaachisha, Mad2 inazuia. BubR1, protini nyingine ya kinetokori, nakuachia wewe. Nitumie mchoro wako.