Fomu imegoma: nikaze masharti au nilegeze?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimetengeneza fomu ya kusajili wateja wa mikopo midogo hapa Temeke. Ina visanduku 23, na maafisa wanaijaza kwa simu. Karibu kila siku napigiwa kwamba imegoma kwenye namba ya simu au ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Niliweka masharti makali ili taarifa ziwe safi. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Kosa lako ni kumfanyisha afisa kazi ya kompyuta. Mmoja ataanza namba ya simu na 0, mwingine na +255, wa tatu ataacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu. Zote pokea, kisha programu izipange kwa mtindo mmoja. Zihifadhi kama maandishi. Ukizihifadhi kama hesabu, sifuri ya mbele inapotea.

NIDA ndiyo yenye mambo. Ina tarakimu 20, na kwenye kadi zimetenganishwa kwa vistari: nane, tano, tano, mbili. Anayenakili atafuata vistari hivyo, nawe unamkatalia! Vikubali, tena mwonyeshe namba kwa mafungu hayohayo ili aweze kuilinganisha na kadi. Nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo tarehe ijijaze yenyewe, afisa aihakikishe kwa mteja. Na asiyepata namba bado? Ruhusu fomu ihifadhiwe, namba ifuate baadaye. Ukilazimisha, utaletewa sifuri ishirini, na hapo usafi unaoutafuta umeuua mwenyewe.

"Ingizo batili" halimsaidii mtu aliyesimama juani Tandika. Andika chini ya kisanduku husika: "Namba ya NIDA ina tarakimu 20, umeandika 19." Wala usifute alivyokwisha kujaza, hilo peke yake linatosha kumrudisha kwenye daftari.

Kama unapanga miadi, angalia saa. Mteja akisema saa mbili asubuhi, afisa mwenye haraka atagusa 2:00. Weka chaguo liandikwe "saa 2 asubuhi, 08:00".

Visanduku 23 ni vingi mno. Kila kimoja jiulize nani atatumia jibu lake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inataka ukusanye kwa kusudi linalojulikana. Kama kimo cha dini au kabila, mimi ningeanza kufuta hapo.

Kisha shinda asubuhi moja na afisa mmoja, umtazame akijaza, bila kumwelekeza.