Maswali na majibu: jina lenye ritifaa, senti zinazopishana na kero nyingine za wasanidi programu

Barua zilizofika mwezi huu kutoka Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi zinahusu kero ambazo hazimfukuzi mtu kazini, lakini zinamlia muda na kumvunja moyo. Nimezisoma zote, na naona karibu kila moja inaanzia mahali ambapo mtu alikisia jambo lililofaa kuulizwa au kuandikwa. Maswali nimeyafupisha, na majina ya walioyatuma nimeyahifadhi.

Nimetengeneza mfumo wa kusajili wagonjwa katika zahanati moja. Karani akiandika jina kama Nyong'o au Ong'ondo, mfumo unakwama. Mwenzangu anapendekeza tuondoe ritifaa, yaani alama ile ya ('), katika majina yote ili kazi iendelee. Je, tufanye hivyo? – Msomaji, Kondele, Kisumu

Msifanye hivyo, ndugu yangu. Mgonjwa ameliandika jina lake sawasawa, kama lilivyo katika kitambulisho chake, na mfumo unaotumika Kisumu, ambako majina ya aina hii yamo katika kila foleni, hauwezi kusemwa umekamilika kabla haujayapokea.

Inaelekea unaijenga amri ya hifadhidata kwa kuunganisha vipande vya maandishi: mwanzo wa amri, kisha jina kama lilivyotoka kwa karani, kisha mwisho wa amri. Katika SQL, lugha ya kuiamrisha hifadhidata, maandishi hufunguliwa na kufungwa kwa alama hiyo hiyo ya ritifaa. Hifadhidata inapofika katikati ya Nyong'o, inadhani jina limeishia kwenye "Nyong", na ile "o" iliyobaki inaisoma kama sehemu ya amri ambayo haina maana. Dawa yake ni amri zenye vigezo, ambapo unaandika amri ikiwa na nafasi iliyoachwa wazi, unalipeleka jina kando, na maktaba ya hifadhidata, yaani msimbo ulioandikwa tayari kwa kazi hiyo, inahakikisha kwamba jina linabaki kuwa jina tu. Lugha zote za kuandikia programu zinazotumika sana, kuanzia PHP hadi Python na Java, zina njia hiyo, na haichukui mistari mingi zaidi ya ile unayoitumia sasa. Ifanye haraka, kwa sababu tundu linalokwamisha jina la mgonjwa ndilo tundu ambalo wavamizi wamelitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 kuingiza amri zao wenyewe katika hifadhidata za watu.

Jambo la pili huwa halionekani kwa macho. Ritifaa zinazoandikwa na watu ni mbili: iliyonyooka, ambayo namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi na alama za kompyuta, ni U+0027, na iliyopinda, U+2019, ambayo baadhi ya simu na programu za kuandikia huiweka zenyewe bila mtu kuiomba. Muuguzi akimsajili mama kwa simu na karani akamtafuta kwa kompyuta baada ya wiki mbili, mfumo utasema mama huyo hajawahi kufika, ilhali ameshika kadi yake mkononi. Kwa hiyo lihifadhi jina kama lilivyoandikwa, kwa ajili ya kadi na risiti, kisha uwe na safu nyingine ya kutafutia ambamo alama zote mbili zimegeuzwa kuwa moja. Tazama pia kanuni za fomu yako. Wengi wetu hunakili kanuni inayokubali herufi za A hadi Z pekee, na kanuni hiyo itamkataa hata mkazi wa Ng'iya, Siaya, anayejaribu kuandika anwani yake tu.

Programu ninayoiandikia sacco inatoa jumla zinazopishana na daftari la mhasibu kwa senti chache. Nimekagua hesabu zangu mara nyingi na sioni kosa. Mhasibu ameanza kuniona mzembe. – Msomaji, Nakuru

Fungua kivinjari chochote, ingia sehemu ya wasanidi na uandike 0.1 + 0.2. Utajibiwa 0.30000000000000004. Kompyuta nyingi huhifadhi namba zenye desimali kwa kufuata kiwango cha IEEE 754, kilichotolewa mwaka 1985, ambacho hutumia mfumo wa namba mbili, 0 na 1. Na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu. Tofauti ni ndogo mno katika hesabu moja, lakini sacco yenye wanachama mia kadhaa na riba ya kila mwezi huikusanya mpaka ikaonekana. Pesa zihifadhiwe kwa senti, zikiwa namba kamili, au kwa DECIMAL, aina ya namba iliyomo katika hifadhidata inayotunza desimali kama zilivyoandikwa.

Hata hivyo, ukisharekebisha hilo, bado mtapishana. Gawa shilingi 1,000 kwa wanachama watatu: kila mmoja anapata 333.33, na senti moja inabaki. Senti hiyo ni ya nani? Riba ikiwa 12.345, inapanda au inashuka, na inakadiriwa kila mwezi au mwisho wa mwaka? Mhasibu ana jibu la maswali haya, analitumia kila siku kwa mkono, na yumkini hajawahi kuulizwa na mtu wa kompyuta. Keti naye, mfanye hesabu ya mwanachama mmoja kwa kalamu kuanzia mwanzo hadi mwisho, uandike kila kanuni anayoitaja, kisha kanuni hizo ziwe majaribio ya programu yako. Nina hakika ataacha kukuona mzembe siku hiyo hiyo.

Tovuti ya mteja wangu inapokea malipo kwa M-Pesa. Mara nyingine mnunuzi anakatwa pesa mara mbili kwa bidhaa moja, na mara nyingine analipa lakini tovuti inasema hajalipa. Kosa liko wapi? – Msomaji, Kakamega

Kwa maelezo uliyonitumia, kosa liko katika namna tovuti yako inavyoelewa jibu la kwanza. Unapotuma ombi la malipo, jibu linalorudi papo hapo linasema kwamba ombi limepokelewa, basi. Wakati huo simu ya mnunuzi ndiyo kwanza inaonyesha kidirisha cha kuweka namba ya siri, naye huenda yuko ndani ya matatu, mtandao ni dhaifu, au bado anajiuliza kama anunue. Matokeo yenyewe hutumwa baadaye kwenye anwani uliyoitaja katika ombi: matokeo yenye namba 0 maana yake pesa zimepita, na 1032 maana yake mnunuzi ameghairi.

Basi ihifadhi namba ya ombi inayorudi na jibu lile la kwanza, uiambatanishe na oda, na oda ibaki katika hali ya "inasubiri". Mnunuzi akibonyeza kitufe tena huku oda ikisubiri, usitume ombi jipya. Mwonyeshe kwamba lile la kwanza bado liko njiani. Hapo ndipo malipo ya mara mbili yanapozaliwa, kwa sababu mnunuzi asiyeona lolote likitokea hubonyeza tena, na kila mbonyezo ukiwa ombi jipya simu yake itamwomba namba ya siri upya. Matokeo yanapofika, angalia kwanza kama namba hiyo ya ombi imeshashughulikiwa, kwa kuwa ujumbe mmoja unaweza kufika zaidi ya mara moja katika mifumo yoyote miwili inayozungumza kupitia intaneti.

Na yasipofika? Usikisie kwamba hajalipa. Ipo njia rasmi ya kuuliza hali ya ombi. Iite baada ya muda mfupi, na uamue kwa jibu lake. Seva yako inaweza kuwa imezimika kwa dakika moja, na dakika hiyo ndiyo mnunuzi alipoweka namba ya siri. Ningependa sana kila msanidi anayeshika pesa za watu afanye jaribio hili kabla ya kukabidhi kazi: zima seva katikati ya malipo, iwashe, utazame oda inasema nini.

Ripoti za walinzi wa usiku katika mfumo wangu zinaonyesha tarehe ya jana. Niliongeza saa tatu kwenye msimbo, sasa nyingine zinaonyesha kesho. – Msomaji, Siaya

Seva nyingi hutumia UTC, saa za marejeo za kimataifa, na Kenya iko mbele yake kwa saa tatu mwaka mzima. Tukio la saa nane usiku huko Siaya limeandikwa na seva likiwa la saa tano usiku wa siku iliyotangulia. Ndiyo maana ni walinzi pekee waliolalamika, kwa kuwa wafanyakazi wa mchana hawafikwi na hilo. Ondoa zile saa tatu ulizoongeza kwa mkono, kwa sababu mahali pengine maktaba ilikuwa imeshaziongeza. Hifadhi kila kitu kwa UTC, na ugeuze kuwa saa za Kenya (Africa/Nairobi) mara moja tu, wakati wa kumwonyesha mtu.

Mteja wangu ni mzee mwenye duka la pembejeo, rafiki ya baba. Tulikubaliana programu ya kuhesabu bidhaa. Sasa kila usiku ananitumia sauti kwa WhatsApp: aongezewe madeni ya wakulima, ujumbe mfupi, ripoti za msimu. Bei ni ile ile. Nitamwambiaje bila kumkosea heshima? – Msomaji, Kitale

Naamini mzee hana nia ya kukudhulumu. Anafikiria duka lake, mawazo yanamjia jioni akiwa ametulia, na hana njia ya kujua kwamba kuonyesha orodha ya madeni na kutuma ujumbe kwa wakulima mia mbili ni kazi mbili zenye uzito tofauti kabisa. Wewe ndiye unayejua, na ukinyamaza kwa ajili ya heshima, utachelewa, utachoka, na mwishowe utaacha kupokea simu zake. Hapo ndipo utakapomkosea, na baba yako pamoja naye.

Kila sauti anayotuma, ijibu kwa maandishi asubuhi inayofuata. Unaweza kuandika hivi: "Shikamoo Mzee. Nimesikiliza ujumbe wako wa jana. Nimeelewa kwamba ungependa wakulima wenye madeni wakumbushwe kwa ujumbe mfupi kila mwisho wa mwezi. Kazi hii haikuwamo katika makubaliano yetu ya kwanza. Itachukua wiki moja, na gharama yake ni hii. Je, niianze sasa, au tumalize kwanza hesabu ya bidhaa?" Taja kiasi halisi, wala usiseme "tutaelewana". Utashangaa ni mambo mangapi atayaahirisha mwenyewe akishaona bei na siku, na yale atakayoyashikilia ndiyo duka linayoyahitaji kweli. Kazi inayofuata, gawanya malipo kwa hatua tangu mwanzo, na hatua ya kwanza ilipwe kabla hujaandika mstari wowote.

Mimi ni mwanafunzi. Nikiuliza swali katika kundi la wasanidi, naambiwa nikatafute mwenyewe. Nimeacha kuuliza. – Msomaji, Maseno

Usiache, dada yangu. Jibu la aina hiyo linaumiza, na wenzangu tuliotangulia tuna wajibu wa kukumbuka kwamba ujuzi tulio nao tuliupata kwa kuwa mtu alikubali kutujibu. Kwa upande wako, swali linalojibiwa huwa na mambo matatu: ulitarajia nini, kilitokea nini, na tayari umejaribu nini. Ujumbe wa hitilafu unakili wote kama maandishi, usiupige picha, maana anayetaka kukusaidia hawezi kunakili picha akaitafutia. Punguza msimbo mpaka ibaki mistari michache tu inayoleta kosa lile lile. Na mara nyingi, ukiwa katika kupunguza huko, utaliona kosa wewe mwenyewe.

Stima ikipotea napoteza kazi ya siku nzima, na intaneti ikikatika siwezi kutumia Git. – Msomaji, Busia

Git, programu ya kutunza historia ya msimbo aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, haihitaji intaneti ili kuhifadhi mabadiliko. Historia yote imo katika kompyuta yako. Hifadhi kila kipande kidogo kinapokamilika, uvipakie vyote mtandao ukirudi.

Juzi nilipakia msimbo GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, hadharani ukiwa na nenosiri la hifadhidata ya wateja. Nimeufuta mstari huo. Je, nimwambie mkuu wangu au niache tu? – Msomaji, Nakuru

Kuufuta mstari hakujasaidia, kwa sababu nenosiri bado limo katika historia, na zipo programu zinazopekua GitHub usiku na mchana zikitafuta siri za namna hii. Badilisha nenosiri sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma jibu hili, kisha ndipo ushughulike na kuisafisha historia.

Mkuu wako mwambie leo. Chini ya Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019, data za watu zikifikiwa na wasiohusika na kukawa na hatari ya kweli kwamba watadhurika, anayeamua data hizo zitumike kwa lengo gani na kwa njia gani anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Na kama kampuni yenu inazishughulikia data hizo kwa niaba ya mwingine, inatakiwa kumjulisha huyo ndani ya saa 48, inapowezekana. Saa hizo ni chache, na ukinyamaza unawanyang'anya wenzako. Nenda kwake ukiwa na kumbukumbu za seva za tangu juzi, zinazoonyesha kila anwani iliyoingia katika hifadhidata hiyo, kwa kuwa swali la kwanza atakalokuuliza ni kama kuna mtu aliyeingia.