Maswali na Majibu: Jehanamu ni mahali au ni hali?

Katekista wetu alisema jumuiyani kwamba jehanamu si mahali bali ni hali. Wazee wakamjia juu. Je, amezusha?

Hajazusha. Tarehe 28 Julai 1999, katika katekesi yake ya Jumatano, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba jehanamu, zaidi ya kuwa mahali, ni hali ya mtu aliyejitenga na Mungu kwa hiari yake, tena moja kwa moja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1033, nayo inasema ni hali ya kujitenga. Ila wazee nao wasikilizwe, maana kuna wanaosikia "hali" wakadhani wameambiwa jehanamu haipo.

Kama ni hali, ule moto wa tajiri na Lazaro ni wa nini?

Fungua Luka 16, uache moto kidogo, umtazame tajiri mwenyewe. Yumo matesoni, anaomba nini? Lazaro atumwe achovye ncha ya kidole majini, aje amburudishe ulimi. Akikataliwa, anaomba Lazaro huyohuyo atumwe kwa ndugu zake watano. Hamsemeshi Lazaro hata mara moja. Maneno yote anamwambia Ibrahimu. Na jina la Lazaro analijua! Kumbe miaka yote ile pale getini, mbwa wakimlamba vidonda, alikuwa anamjua vizuri tu. Amekufa, amezikwa, na bado anamwona maskini kama mtu wa kutumwa. Wala hasemi "nisamehe". Kwangu mimi hilo linatisha kuliko ndimi za moto, kwa sababu mahali mtu anaweza kuhama. Moyo wa namna ile alikwenda nao mwenyewe.

Waislamu nao wanasema ni hali?

Qurani (15:44) inataja milango saba ya Jahannamu, na mafundisho yanayojulikana sana ni kwamba ni mahali kweli. Hata hivyo Suratul Humaza inazungumzia moto unaopanda hadi nyoyoni. Zaidi ya hapo muulize sheikh, mimi si mwanazuoni.

Tangu mume wangu afariki silali, chakula hakipiti, kusali siwezi. Wifi anasema ni adhabu. Je, nimeshaingia jehanamu?

Hapana, mama. Pole sana kwa msiba. Aliyejitenga na Mungu hasumbuki kumtafuta. Wewe unaumia kwa kuwa sala imekugomea. Wifi yako amekosea, na usibishane naye. Kutolala na kushindwa kula baada ya msiba kunaweza kuwa sonona, nayo ni ugonjwa wenye tiba. Nenda hospitali, waeleze haya uliyoniandikia, uulize huduma ya afya ya akili. Usiende peke yako. Ukija kupata wazo la kujidhuru, mwambie mtu siku hiyohiyo. Kuhusu sala, soma Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina aleluya yoyote, na bado imo kwenye Biblia. Isome hiyohiyo, inatosha.